Alinyonya Mara Ngapi

Watu wetu wana msemo wanaoupenda mno: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wanausema misibani, wanausema harusini, wanausema hata wakiazimana chumvi. Mimi nimeshauchoka. Si kwamba ni uongo, ni kwamba unaishia njiani. Unakwambia rafiki ni yupi, haukwambii ufanye naye nini dhiki ikishapita, siku ile umekaa barazani kwako na majirani wanakuuliza, kwa upole kabisa, huyu mwanamke uliyemweka ndani ni nani.

Ninakaa Mocímboa, si mbali na bandari, na kazi yangu ni kukaanga samaki. Nilikaanga kabla hatujaukimbia mji kwa vita, nikakaanga ukimbizini, na tuliporuhusiwa kurudi nilikuta nyumba haina paa nikaanza kukaanga kabla sijaezeka. Nasema haya ieleweke kwamba mimi si mtu wa kulialia. Nina hasira tu. Binti yangu husema hasira ndiyo inayoniamsha asubuhi, na huenda ni kweli, maana mgongo peke yake usingeniamsha.

Tuliporudi, mtaa ulikuwa umejaa sura ngeni. Zamani nilikuwa namjua mtu kwa kikohozi chake akipita nje. Sasa napishana na watu njia nzima nisijue hata mmoja ametokea wapi. Wengi wamekuja wakakaa, wakajenga, wakachanganyika, na sina neno nao. Ila wawili kati yao nitawaeleza, kwa sababu ndio walioniharibia usingizi.

Wa kwanza ni mwenye duka la mchele na mafuta, mtu wa kutoka kusini, mnene wa wastani, kanzu nyeupe imepigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo inakata. Huyo bwana alikuwa anajua kusalimia. Akipita kwenye karai langu atasimama, ataniuliza hali, atauliza mjukuu, atauliza goti langu la kulia na hatasahau la kushoto. Nilimpenda, sifichi. Kipande cha mgongo wa nguru kilikuwa chake kila Ijumaa na hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Wa pili ni mwanamke kutoka bara, upande wa Mbau, Mmakonde, Mkristo, mwembamba, umri wa binti yangu. Alijisitiri kwenye pagale nyuma ya nyumba yetu na akawa anawatekea watu maji kwa ujira. Huyo hakusalimia mtu. Alipita na ndoo kichwani utadhani sisi wengine ni vigingi vya ua. Kwetu sisi watu wa pwani, mtu akikupita bila salamu ni nusu ya kukutukana, na mimi nilimwita Kisiki, na jina likamshika mtaa mzima.

Asubuhi ya mkasa wenyewe binti yangu alikuwa amekwenda kijijini Mute, msibani kwa wakwe zake. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa na kikohozi, na vumbi la barabara ile nalijua, kwa hiyo nikamwambia mwache, uji upo, jioni utarudi. Nilikuwa nimeshabandika karai, mafuta yameanza kuchemka, mtoto yuko mgongoni, ndipo tukasikia bunduki upande wa juu wa mji.

Sisi tukisikia bunduki tunakimbilia bandarini. Hakuna anayetoa amri. Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza, na waliookoka mara ile waliokokea majini, basi imekuwa kama dini. Mtaa mzima uligeukia huko, na mimi nikageukia huko. Sikuzima hata moto. Kwenye kona ya msikiti mkono ukanishika juu ya kiwiko, ukanivuta hadi nikayumba. Ni yeye, Kisiki. Ndoo ameshaitupa, maji yanamchuruzika.

"Huko siko," akaniambia.

"Huko ndiko wanakokwenda watu wote!"

"Na wao wanajua kuwa watu wote wanakwenda huko."

Hakungoja nifikiri. Alinivuta kushoto, kupita nyuma ya nyumba zilizoungua zamani, hadi kwenye mikoko. Nilimtukana njia nzima. Nilimwambia hana adabu, nilimwambia ataniua na mjukuu wangu, nilimwambia mambo ya mama yake ambayo sitayarudia hapa. Alizidi kunivuta. Maji yalikuwa yamekupwa, matope yalitufika magotini, viatu vyangu vikabaki humo na sijui kama vipo hadi leo. Mahali ambapo mizizi ilikuwa imesukana kama susu la jikoni, akanisukuma chini nikakaa.

Hatujakaa sana tukasikia mtu anahema na kupasua matope. Akatokeza mwenye duka na kanzu yake. Na kabla hajatuona vizuri, kabla hajajua hata kama ni sisi au ni wale wenye bunduki, ulimi wake ukafanya kazi uliyozoea. "Assalaam alaikum!" akasema, kwa sauti ile ile ya dukani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa sauti ya karaini: "Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh!" Nilikuwa karibu kumuuliza habari za nyumbani. Kiganja cha yule mwanamke kikanifunga mdomo hadi meno yakaniuma.

Leo nikilikumbuka hilo nacheka, halafu nakasirika tena. Watu wazima wawili, waliokwisha kuona miji ikiungua, tunasalimiana mikokoni.

Mwanamke akamwambia yule bwana avue kanzu, nyeupe inaonekana mbali. Akakataa. Akasema hawezi kuvua nguo mbele ya wanawake. "Basi kaa mbali nasi," mwanamke akamwambia, wala hakumtazama. Akavua. Kanzu ile ikachukuliwa ikakanyagiwa kwenye matope mpaka ikafanana na matope, na mwenye duka akakaa na fulana iliyotoboka kwapani na bukta ya mistari, na baadaye ikamtoka haja ndogo pale pale alipokaa. Sikumcheka. Naapa sikumcheka.

Kisha mjukuu wangu akaamka.

Alianza kwa kunung'unika, kama mtoto anavyofanya akitafuta ziwa, halafu akafungua koo. Uji niliuacha. Kikombe nimekiacha. Nikampa ziwa langu, gofu la kibibi, akalivuta mara mbili akagundua nimemdanganya akalia zaidi ya mwanzo. Na upande wa njia ya kwenye mashamba ya chumvi tukasikia sauti za wanaume, na si mbali.

"Mnyamazishe," mwenye duka akanong'ona. Nikambembeleza, nikamtikisa. "Mnyamazishe, dada!" Halafu akausogeza mkono wake mnene, akauweka juu ya uso wa mtoto, mdomo na pua pamoja, akakandamiza. Akawa ananieleza, na machozi yanamtoka, kwa adabu yake ile ile: "Ni mmoja tu, dada. Yeye ni mmoja, sisi ni watu watatu."

Nilimng'ata. Nilimng'ata kwenye nyama ya chini ya kidole gumba mpaka nikaonja damu, na hakupiga kelele, namsifu kwa hilo. Mkono ulipotoka, yule mwanamke alikuwa ameshamchukua mtoto. Alifungua blauzi akampa ziwa.

Mtoto akatulia. Nilisikia anavyomeza, funda baada ya funda, na sauti ile ndogo ilikuwa kubwa masikioni mwangu kuliko bunduki. Ziwa la pili la mwanamke lilikuwa linachuruzika lenyewe hadi kwenye kitenge. Alilikandamiza kwa kiwiko na hakumwangalia mtoto hata kidogo. Aliangalia kule zilikotoka sauti.

Sauti zikapita. Nikamuuliza polepole, "Wako yuko wapi?"

"Nimemzika njiani," akasema. "Wakati wa kutoka Mbau. Homa." Kisha akaniambia ninyamaze.

Tulikaa mikokoni hadi maji yakajaa, tukahama kwenda juu, tukakaa tena. Kila nikitaka kutoka alisema bado. Alikuwa ameshakimbia mara nyingi mno, alijua bado ikoje na tayari ikoje. Kesho yake jua lilipokuwa kichwani ndipo aliposema sasa. Katika muda wote huo mtoto alilia akanyonya, akalala akanyonya, akakohoa akanyonya. Mwenye duka alikuwa ametutangulia kuondoka alfajiri, na kanzu yake kwapani, bila kuaga. Mtu yule ambaye hakuwahi kunipita bila kuagana.

Mtaani tulikuta nyumba za pembezoni zimeungua na bandarini watu wanalia. Waliokimbilia kule walikanyagana kugombea mashua, na mashua moja ilizidiwa ikapinduka. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwemo. Nilimshika yule mwanamke mkono, sikumuuliza, nikampeleka kwangu. Nikamwambia, "Pagale umelihama. Utakaa hapa." Akaniambia, "Ndiyo, bibi." Ndiyo mara ya kwanza kuniita jina la heshima, na nililipokea kama zawadi.

Binti yangu alirudi siku iliyofuata na lori la mizigo, barabara ilipofunguliwa. Aliingia uani hana viatu, akamnyakua mtoto kutoka mkeka, akamnusa shingoni. Nikamweleza kila kitu kwa mpigo mmoja. Akasikiliza. Akamgeukia mwanamke akamshukuru vizuri, kwa mikono miwili, kama nilivyomlea. Lakini tulipoingia ndani sisi wawili akaniambia, "Mama, mwanangu ananuka mtu mwingine." Nikamwambia amwogeshe basi, sabuni ipo. Nilidhani hilo ni wivu wa mzazi na litakwisha.

Wala haukuwa wivu. Ulikuwa woga, na woga ulikuwa umeshaanza kutembea mtaani kabla yake.

Neno lenyewe lilianza na swali: alijuaje? Watu wote walikimbilia bandarini, yeye akaenda mikokoni, nani alimwambia? Mbona hakutetemeka? Mwanamke wa kawaida angetetemeka. Mbona hasalimii watu, anaficha lafudhi gani? Kufika siku ya tatu swali lilikuwa limeota miguu, likawa jibu: ni mashababi, hao wenye bunduki, ndio waliomtuma, anawachunguzia njia. Nilipofuatilia limetoka wapi, kila mdomo ulinielekeza kwenye baraza la duka la mchele.

Nilikwenda. Sikubadili hata nguo, nilikwenda na magamba ya samaki mikononi. Alikuwa amekaa na wateja, kanzu mpya, mkono umefungwa kitambaa. Aliponiona akainuka, akanisalimia. Akaniuliza goti.

"Goti langu liache," nikamwambia. "Wewe umetoka hai kwa sababu ya mwanamke yule. Alikwambia uvue kanzu ukavua. Leo unamwita shabab?"

Akawatazama wateja kwa huruma, halafu akanitazama mimi kwa huruma hiyo hiyo. "Dada yangu, mshtuko si kitu kidogo. Mimi siku ile nilijifungia hapa dukani. Watu wanajua."

"Na mkono huo?"

"Kopo la mafuta limenikata."

Mimi! Nilisimama pale mdomo wazi na watu wakaanza kuniambia pole, mama, kaa, kunywa maji. Niliona kitu machoni mwake ambacho sijakisahau. Hakuwa na chuki. Alikuwa anatusihi. Mimi na yule mwanamke tulikuwa tumemwona ndani ya bukta yake, tumemwona na mkono wake juu ya mtoto, na hakuna namna ya kuendelea kuwa yule bwana wa salamu ndefu katika mtaa ambamo watu wawili wanajua hayo. Mimi angeweza kunifanya mwehu. Yule mwanamke ilibidi aondoke. Nilimwelewa vizuri kabisa, na kumwelewa huko hakukunipunguzia hasira hata chembe.

"Lisemwalo lipo," mmoja wa wateja akasema nyuma yangu nilipokuwa naondoka. "Na kama halipo laja."

Sekretario wa bairo, ndivyo tunavyomwita mkuu wa mtaa, alikuja kwangu keshoye. Si mtu mbaya. Alisema hawa waliohama makwao wamekuwa wengi na maneno yamekuwa mengi, kwa hiyo utaratibu ni mmoja: mwenye ndugu mtaani abaki kwa ndugu yake, na ndugu amdhamini. Asiye na ndugu apelekwe kambini, kusini. Akauliza, "Huyu ana undugu gani na wewe, mama?"

Nikafungua mdomo kusema hana, ndipo likanijia. Nikacheka kwa furaha mpaka akashangaa. "Ni mama wa mjukuu wangu," nikasema. "Amemnyonyesha. Ni mama yake wa ziwa, kwa sheria ya dini. Undugu gani unataka zaidi ya huo?"

Kwetu jambo hilo halina mzaha. Mtoto akinyonya kwa mwanamke, mwanamke huyo ni mama yake, watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawezi kuwaoa hadi siku ya kiama. Ziwa linafunga kama damu. Sekretario naye ni mtu wa pwani, alilijua hilo. Akakuna kichwa, akasema kama mwalimu wa madrasa atathibitisha, yeye hana kipingamizi. Nikaona kazi imekwisha.

Nikaenda kwa mwalimu nimefurahi kama bibi harusi. Mwalimu wetu ni mzee mpole, mwenye haki, na upole wake ndio ulionimaliza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ndiyo, ziwa linafunga. Akasema kwamba mwanamke ni Mkristo hakuzuii kitu, maziwa ni maziwa. Halafu akasema, "Sharti iwe mara tano. Tano za kushiba, kila mara mtoto aachie mwenyewe. Alinyonya mara ngapi?"

"Mara nyingi, mwalimu. Kutwa na kucha."

"Nyingi ni ngapi, mama?"

"Mwalimu, kulikuwa na bunduki."

"Naelewa. Lakini mlihesabu?"

Nilimtazama mzee wa watu. Nilitaka kumuuliza kama yeye, akiwa matopeni na mtu anakandamiza pua ya mjukuu wake, angehesabu kwa vidole au kwa tasbihi. Alieleza taratibu kwamba palipo na shaka undugu haufungi, kwa sababu undugu ni jambo zito, huwezi kumharamishia mtu ndoa kwa kubahatisha. Alikuwa na haki! Kila mtu katika mkasa huu alikuwa na haki yake mkononi, na mimi nilikuwa nazunguka kati yao kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwisho akasema ataita kikao barazani kwake, baada ya alasiri, yeye, sekretario na wazee. Yule mwanamke aulizwe. Akisema yeye mwenyewe, mwenye ziwa, kwamba mtoto alishiba mara tano au zaidi, neno lake litatosha.

Nikashukuru. Neno lake litatosha! Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, nikamwambia yeye na nikamwambia binti yangu, wote wawili uani. Yeye akasema, "Sawa, bibi," akaenda kuosha vyombo. Binti yangu akanifuata jikoni.

"Mama, mwache aende."

"Nimwache aende wapi?"

"Yule fundi baiskeli wa hapa mtaani walianza kumsema hivi hivi. Wakaja askari wakamchukua na hakurudi, na mkewe wakamchukua. Ukimfanya huyu ndugu yetu, siku wakija hawatamuuliza yeye peke yake. Watauliza ndugu zake ni nani."

"Amemwokoa mwanao!"

"Najua," akasema, na machozi yakamjaa. "Ndiyo maana nataka mwanangu abaki hai."

Nikamrushia neno la ovyo. Nikamwambia fadhila ya punda mashuzi. Nikamwambia wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema akishapona amfukuze. Tulipandishiana sauti vibaya. Tuliponyamaza nikagundua kwamba uani nako kumenyamaza. Vyombo havigongani. Kisha baada ya kitambo vikaanza tena, polepole, sahani moja moja.

Siku ya kikao alivaa blauzi safi ya kijani niliyompa mimi. Wanaume walikaa kwenye mkeka mkubwa: mwalimu, sekretario, wazee wawili wa msikiti, na mwenye duka, kwa sababu siku hizi ni mtu wa kamati ya mtaa. Aliitikia salamu yangu kwa ukamilifu. Sisi wanawake tukakaa pembeni kwenye jamvi, mimi na binti yangu na mtoto usingizini. Yule mwanamke wakamweka katikati, peke yake.

Mwalimu akamuuliza kwa upole, kama anavyouliza kila kitu. Je, katika siku zile alimnyonyesha mtoto huyu?

Akasema, "Nilimpa ziwa ashike, anyamaze. Hakunyonya."

Nilidhani hajaelewa swali. Mwalimu naye nadhani alidhani hivyo, maana aliuliza tena, akafafanua: maziwa yalitoka?

"Sikuwa na maziwa," akasema. "Mtoto wangu alikufa, yakakauka. Hakunyonya hata mara moja. Mimi si mama yake." Aliyasema yote kwa mkupuo, kama kitu alichokuwa amekipanga wakati wa kuosha vyombo, na hakumwangalia mtu. "Nipelekeni kambini."

Mwenye duka akashusha pumzi. Nilimsikia. Na pale pale mjukuu wangu akaamka, akaanza kunung'unika akitafuta, halafu akalia kwa sauti.

Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anajua kinachofuata. Mwili hauambiwi, hautishwi. Kwenye blauzi ya kijani pakatokea doa, kisha la pili, yakapanuka mbele ya macho yangu, yakashuka hadi kiunoni. Yeye hakunyanyua mkono kujifunika. Alikaa wima vile vile, uso mkavu, na maziwa yanamtoka.

Nilisimama. "Muongo!" nikapiga kelele. "Mwalimu, anadanganya, anatuepusha na shari yake! Mtazameni! Mtazameni kifuani!"

Na wanaume wote watano wakainamisha vichwa. Ndivyo walivyofunzwa, ndivyo nilivyowafunza wanangu mwenyewe: mwanamume mwenye adabu hatazami kifua cha mwanamke wa watu. Sekretario alitazama magoti yake. Wazee walitazama mkeka. Mwenye duka alitazama kitambaa cha mkononi mwake. Nilipiga kelele tena, nikawaambia inueni macho, mara moja tu, Mungu atawasamehe, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuinama.

"Ameshasema mwenyewe," mwalimu akasema, macho chini. "Neno ni lake."

Binti yangu hakuwa mwanamume, yeye aliona. Nilimgeukia. Alikuwa ameshampa mtoto ziwa lake na amemfunika kwa kitenge, na alikuwa ananivuta upindo wa nguo kwa mkono ulio huru.

"Mama, kaa," akaninong'oneza. "Kaa chini, watu wanatutazama."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatutazama.